Field ya uandishi wa michezo Dar: nauli yangu, simu yangu, bando langu, jina la mtu mwingine. Hii ni haki kweli?

Wakuu habari zenu, mods naomba uzi ubaki hapa hapa kwenye michezo msiuhamishie kule kwenye ajira, wahusika wanashinda humu na nataka wausome.

Mimi kijana wa Mwanza, nasoma diploma ya uandishi wa habari, mpira nimeujulia Kirumba na Nyamagana. Nimekuja Dar field kwenye redio moja ambayo sitaitaja jina maana logbook yangu, lile daftari la field wanalosaini wao, wanayo wao. Kabla sijaonyeshwa hata pa kukaa nikaambiwa nitoe elfu hamsini ya "usajili", risiti hakuna. Nikatoa, ningefanyaje na nauli ya basi ishakwenda na shangazi Kimara keshanipokea.

Sasa sikilizeni wanavyogawana viwanja. Mechi ikiwa KMC Complex pale Mwenge, jirani kabisa na ofisi, wanaenda makaka wenyewe, yaani waandishi wakongwe wa pale. Ikiwa Chamazi saa moja usiku, "dogo wa Mwanza nenda wewe, utaijua Dar". Jamani Chamazi! Unaenda hadi Mbagala Rangi Tatu, unashuka unaunga gari la Mbande, mechi inaisha karibu saa tatu, unasubiri makocha, unanyoosha kisimu chako katikati ya mikamera ya watu unakanyagwa, halafu kutoka pale mpaka Kimara usiku ule ni kudra za Mungu tu. Asubuhi ukichelewa kikao cha habari unasemwa mbele za watu, na kikao kikiisha kazi yako ya kwanza ni kufuata supu na chapati za mabosi.

Ila kilichonichefua kabisa ni ile Machi 7, 2025, siku moja kabla ya dabi ya Yanga na Simba. Nikatumwa kwa Mkapa, uwanja wa Benjamin Mkapa, peke yangu maana kwao ilikuwa "mazoezi ya mwisho tu, hakuna stori". Si mnakumbuka kilichotokea, Simba wamefika wanataka kufanya mazoezi usiku kama haki ya timu mgeni, wakakwama getini, vurugu, na baadaye wakatoa taarifa kwamba hawachezi. Nani alikuwa pale anarekodi? Mimi. Natuma klipu kwenye grupu la WhatsApp moja moja, chaji inaisha, bando linaisha, naazima hotspot kwa mwandishi wa redio nyingine (huyo ndugu Mungu ambariki). Nafika nyumbani kwa boda ya bei ya kutisha nafungua ukurasa wetu nakuta video zangu zote zimepanda na jina la kaka mmoja ambaye muda ule alikuwa kwake Sinza. Sauti inayosikika kwenye video ni yangu!

Kesho yake nikaambiwa nibaki ofisini, nafasi za waandishi ni chache, wanaenda "wazoefu". Mungu si Athumani, mechi ikaahirishwa wakarudi na vitambulisho vyao shingoni. Nilicheka kimoyomoyo.

Kuna siku mdhamini mmoja kaita waandishi hotelini, mwishoni tukasaini karatasi ya nauli, kaka niliyeenda naye akachukua na yangu, eti field hailipwi, unajifunza. Kujifunza nini? Toka nifike hakuna aliyekaa na mimi akanionyesha stori yangu imekosea wapi, wanaifyeka yote wanabakisha matokeo na wafungaji. Nikaomba nisome hewani hata matokeo ya Championship, ile ligi ya chini ya Ligi Kuu, wakaangua kicheko, eti lafudhi ya Kisukuma itafukuza wasikilizaji. Kwani Kanda ya Ziwa redio hawasikilizi? Siku Simba au Yanga wakienda kucheza Kirumba mbona mnanitafuta niwape namba za watu wa kule?

Na barua ya kunitambulisha hawajanipa mpaka leo, nikifika geti la uwanja mlinzi ananiangalia kama kanjanja, inabidi nimpigie kaka, kaka hapokei.

Mwenye kujua kama chuo kinaweza kunibadilishia kituo katikati ya field, na logbook nitaitoaje mikononi mwao bila kusainiwa vibaya, aniambie hapa au PM. Wale wa "vumilia dogo na sisi tulipitia huko" piteni kimya kimya, nyie ndio hao hao mnaoninyang'anya nauli.