Naomba ushauri: albamu mpya za wasanii huru nazipata wapi, na nazihakiki vipi bila kuonea wala kubeba mtu?

Sikio Bichi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Ninaandika tahakiki fupi za albamu na nataka kujikita kwa wasanii wanaojisimamia wenyewe, wasio na lebo kubwa nyuma yao. Nimekwama sehemu mbili.

Kwanza ni kuzipata. Majukwaa ya kusikilizia yananiletea majina yaleyale, au wapya wanaofanana kupita kiasi na wale ninaowasikiliza tayari. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza kazi zao moja kwa moja, nayo ni bahari, ukiingia hujui uogelee upande gani.

Pili ni kuandika. Msanii mkubwa msomaji anamjua, unaweza kuilinganisha kazi yake na zilizotangulia. Huyu asiyejulikana unaanzia wapi? Nisikilize mara ngapi? Nitoe alama au nisitoe? Na akinitumia kazi bure inabadilisha nini?

Natumia kompyuta ya kawaida, simu, na hedifoni za waya. Naomba majibu ya kiufundi, sio "fuata moyo wako".

Karani wa Santuri

Mkuu, punguza kutafuta kwa aina ya muziki, tafuta kwa kufuata watu. Tagi pana kama jazz au hip hop ukiifungua unapangiwa vinavyouzwa sana, yaani umerudi kulekule kwenye majina makubwa. Ukitumia tagi, chukua iliyo finyu (chombo fulani, mbinu fulani, mji fulani) kisha panga kwa zilizoingia karibuni.

Njia inayozaa zaidi ni hii. Kwenye ukurasa wa albamu ya Bandcamp kuna picha ndogo za watu walioinunua. Bonyeza moja, utaona mkusanyiko mzima wa mnunuzi huyo. Chukua albamu tatu unazozipenda ambazo wanunuzi wake ni wachache, tafuta mtu anayejitokeza kwenye mbili kati ya hizo, kisha pitia alivyonunua miezi ya karibuni. Usianzie kwenye albamu yenye maelfu ya wanunuzi, maana hao kinachowaunganisha ni umaarufu wa albamu tu. Mtu aliyetoa hela yake kwa kazi ambayo karibu hakuna anayeijua, ladha yake inakueleza kitu. Ukimfuata, manunuzi yake mapya yatakuwa yanakujia.

Halafu soma majina ya waliohusika. Nani kapiga ngoma, nani kafanya miksi (kuchanganya sauti za vyombo), nani kafanya masta (kumalizia sauti ya rekodi nzima). Peleka jina hilo Discogs au MusicBrainz, hifadhidata za rekodi za muziki. Kote kuwili taarifa huingizwa na watumiaji wenyewe, na ukibonyeza jina la mtu unaona kazi nyingine alizoshiriki pamoja na nafasi yake. Mpiga ngoma mzuri wa kukodiwa anaweza kukupeleka kwenye albamu kadhaa ambazo hakuna algoriti ingezigusa, kwa sababu zimetofautiana aina. Lebo ndogo ni hivyohivyo: ukiifuata Bandcamp unapata baruapepe kila inapotoa kitu.

Redio usizidharau. KEXP ya Seattle na NTS ya London huweka mtandaoni orodha za nyimbo zilizopigwa kwenye vipindi. Chagua mtangazaji mmoja au wawili, soma orodha zao kila wiki, andika majina usiyoyajua.

Kuhusu ratiba: tangu tarehe 10 Julai 2015 albamu nyingi duniani hutoka Ijumaa, kwa hiyo siku hiyo vigogo hufunika kila kitu. Wasanii huru wengi hawalazimiki kuifuata, basi kagua na Jumanne. Isipokuwa zile Ijumaa maalumu za Bandcamp, zilizoanza tarehe 20 Machi 2020, ambapo jukwaa huacha fungu lake (kwa kawaida asilimia 15 kwa faili na 10 kwa bidhaa za kushikika). Siku hizo wasanii huru hutoa kazi kwa wingi, pamoja na vitu ambavyo hawavipeleki kwingine.

Fundi Mitambo

Karani kamaliza upande wa kutafuta. Mimi niseme la usikilizaji, maana tahakiki nyingi huharibikia hapo kabla hata neno halijaandikwa.

Adui wa kwanza ni kiwango cha sauti. Ukisikiliza nyimbo mbili zilizotofautiana desibeli moja tu, ile yenye sauti kubwa utaiona ina uhai zaidi, besi imeshiba zaidi, na wala hutajua kwamba ni sauti tu iliyoongezeka. Spotify, ikiachwa kama ilivyokuja, husawazisha sauti kwenye LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Ukipakua faili kutoka Bandcamp na kuifungua kwa programu isiyosawazisha, unapata kiwango alichoweka msanii. Kwa hiyo albamu ileile utaihukumu tofauti kulingana na mahali ulipoisikilizia. Dawa yake: weka faili kwenye foobar2000 (programu ya kuchezea muziki), pima kwa ReplayGain (njia yake ya kusawazisha viwango vya sauti), na uchague kupima kwa albamu nzima badala ya wimbo mmojammoja. Ukipima kwa wimbo, ule aliokusudia uwe wa kunong'ona utapandishwa ulingane na wa kelele, na umeshaua mpangilio wake.

Zima ikwalaiza, zima kule kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, zima kuchanganya mpangilio. Vipo kwenye mipangilio ya programu na mara nyingi mtu husahau aliviwasha lini.

La pili: ukisikiliza moja kwa moja kwenye tovuti ya Bandcamp unapata MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Inatosha kuamua kama albamu inakuvutia. Haitoshi kusema kwamba matoazi yanakwaruza au mwangwi umekatika, kwa sababu huenda kosa ni la mbano wa faili. Nunua, au omba FLAC (faili iliyobanwa bila kupoteza ubora), ndipo useme lolote kuhusu miksi.

Hata FLAC inaweza kuwa ya uongo, yaani MP3 iliyovalishwa koti. Ifungue kwa Spek (programu inayochora masafa ya sauti), uangalie juu ya mchoro. Ukiona mstari ulionyooka kama umekatwa kwa wembe karibu na kilohezi 16, shuku. Nasema shuku tu, kwa sababu kaseti za zamani, sampuli zilizobanwa na vichujio vya makusudi vyote vinaweza kuacha alama inayokaribiana. Muulize msanii kwanza.

Mwisho jaribu mono, yaani kushoto na kulia vikiunganishwa kuwa sauti moja. Simu na kompyuta zina sehemu ya kuwasha mono kwenye mipangilio ya ufikivu. Kama kinanda au sauti za nyuma zinanywea au kupotea kabisa, mawimbi ya kushoto na kulia yanafutana. Usiliandike kama dosari kubwa, lakini linaeleza kwa nini wimbo unapwaya ukipigwa kwenye spika moja.

Sikio Bichi (mleta mada)

Asanteni sana. Fundi, swali: wasanii huru wengi hurekodi chumbani. Nitajuaje kama sauti chafu ni chaguo lake au ni kushindwa?

Fundi Mitambo

Angalia kama inafuata utaratibu. Mvumo wa kanda uliopo kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na vyombo vimepangwa kuuzunguka, hilo ni chaguo. Sauti ya mwimbaji iliyozama wimbo wa nne peke yake, huku nyingine zote iko mbele, hapo kuna kitu kimemponyoka.

Kwa mikwaruzo, ingiza faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) na uwashe onyesho la mawimbi yaliyopasuka. Vilele vikiwa bapa pale tu ngoma kubwa inapopigwa, na hakuna chombo kingine chenye tabia hiyo, kuna uwezekano mkubwa aliisukuma masta kupita kiasi. Kama gitaa limekwaruzwa lenyewe kwa makusudi, uchafu utausikia hata linapopigwa polepole.

Mhariri Mkali

Nije kwenye kuandika.

Usikilizaji wa kwanza nyoosha mwanzo hadi mwisho, kalamu mezani. Wa pili andika, na kila unachoandika kiwe na namba ya wimbo, dakika na sekunde. Wa tatu soma mashairi na majina ya wahusika huku unasikiliza. Kisha iache angalau siku moja. Wa nne hausikilizi tena kwa starehe, unakagua madai yako: ulisema besi inabeba nusu ya pili ya albamu, je ni kweli, au ni nyimbo mbili tu? Kwa albamu ya dakika 40 hiyo ni kazi ya saa mbili na dakika arobaini kabla ya sentensi ya kwanza. Kama huna muda huo, andika pendekezo la aya moja na usiliite tahakiki.

Maelezo ya utangazaji yanayokuja na albamu usiyasome kabla ya usikilizaji wa pili. Ukishaambiwa kwamba "inavunja mipaka" utaanza kuisikia mipaka ikivunjika. Ukiyasoma, chota mambo yanayothibitika: nani kapiga nini, ilirekodiwa lini, ni albamu ya ngapi. Hilo la mwisho lihakiki mwenyewe, kwa sababu wasanii wengi huita "ya kwanza" ile ya kwanza wanayoionea fahari. Pia majukwaa huchanganya wasanii wenye jina moja kwenye ukurasa mmoja. Linganisha na Bandcamp au MusicBrainz, usije ukamsifu mtu kwa kazi ya mwenzake.

Sentensi mbili za mwanzo zimwambie msomaji inasikika vipi. Msomaji hamjui msanii, basi wasifu utakuja baadaye. Badala ya "midundo mikali na sauti tamu", andika: "Wimbo wa tatu, dakika 2:10, ngoma zinakatika na besi inabaki peke yake kwa mizani nane, mwimbaji anarudi akiwa chini ya alipoachia, na kiitikio kinageuka kuwa swali." Hapo msomaji anaweza kwenda kukagua na kukupinga. Kulinganisha na msanii mwingine, mara moja inatosha, na useme ni kwa lipi: upangaji wa sauti, mwendo, au uandishi. "Anafanana na fulani" peke yake ni uvivu.

Usipitie wimbo kwa wimbo. Zungumzia mpangilio, chagua nyimbo tatu au nne za kuchimba, nyingine zitaje au ziache. Maneno 400 hadi 600 yanatosha.

Jambo ambalo wahakiki wapya hulikosea: kama albamu imetoka pia kwenye santuri, angalia upande A unaishia wapi. Santuri ya inchi 12 kwa mizunguko 33⅓ hubeba takriban dakika 20 na ushei kila upande kabla sauti haijaanza kupungua nguvu, na nyimbo za mwisho wa upande, karibu na kitovu, hupoteza ung'aavu wa juu. Ndiyo maana wengi huweka wimbo mtulivu pale. Ukisikiliza faili utasema albamu inalegea katikati, kumbe ni pumziko la kugeuza santuri. Bado unaweza kusema linachosha kwa anayesikiliza faili, ila useme ukijua sababu.

Alama: kama ni lazima, ngazi tatu tu. Nunua, sikiliza, pita.

Kaseti Mbovu

Hapo kwenye alama nampinga Mhariri. Usitoe kabisa. Ukiweka namba juu, watu wanasoma namba na kuondoka, na kwa msanii asiyejulikana hiyo ndiyo itakayonakiliwa kila mahali. Wastani wa RateYourMusic (tovuti ambako wasikilizaji hutoa alama) kwa albamu yenye wapigaji kumi na wawili nao usikutishe wala kukufurahisha, marafiki watatu wa msanii wanaweza kuugeuza.

Mhariri Mkali

Namba sawa. Lakini msomaji ana haki ya kujua msimamo wako bila kukisia. Ngazi iweke chini kabisa mwa makala, ukipenda.

Mlinzi wa Lango

Kuhusu kazi za bure. Taja wazi ndani ya tahakiki kwamba nakala ulitumiwa. Hela ya msanii usipokee, hata ikiitwa ya kuharakisha. Rasimu usimpelekee, mpelekee maswali ya ukweli tu (nani kapiga, jina linaandikwaje). Ukikubali kutoandika kabla ya tarehe fulani, iheshimu. Kiungo cha siri usikigawe, faili za namna hiyo mara nyingine hubeba alama isiyosikika inayoonyesha alipewa nani.

Weka ukurasa unaosema unachotaka: kiungo kimoja cha kusikiliza, faili za FLAC, mashairi, majina ya wahusika, tarehe ya kutoka. Ongeza kwamba kutuma si ahadi ya kuandikwa. Hilo pekee litakupunguzia ugomvi.

Albamu dhaifu ya mtu asiyejulikana, ruksa kunyamaza. Ukiamua kuandika, udhaifu nao uwe na dakika na sekunde kama sifa.

Siku hizi kagua pia kama kuna mtu nyuma ya kazi. Albamu nyingi ndani ya wiki chache, hakuna jina la mpigaji hata mmoja, hakuna dalili ya onyesho popote: uliza ilivyotengenezwa kabla ya kuandika. Dalili hizo si ushahidi, wapo watu halisi wanaojificha kwa hiari yao.

Na kiungo cha kununua kitangulie vingine vyote. Tangu 2024 Spotify hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na wasanii unaotaka kuwaandikia wengi wapo chini ya hapo.

Sikio Bichi (mleta mada)

Nimenakili yote. La mwisho: albamu ikiwa kwa lugha nisiyoijua?

Karani wa Santuri

Omba maandishi ya mashairi kwa msanii, usikisie kwa kusikia. Tafsiri ya mashine itakupa mada, itakukosesha misimu na kejeli, kwa hiyo usijenge hoja juu ya neno moja uliloletewa na mashine. Muulize msanii mistari miwili au mitatu unayotaka kuitaja, kisha nukuu hiyo tu. Beti nzima zina haki miliki hata kama mwenyewe kaziweka mtandaoni. Sehemu nyingine andika vile sauti inavyofanya kazi: pumzi anazichukulia wapi, neno gani analirudia, wapi anaimba nyuma ya mdundo. Hayo unayasikia bila kamusi.