Bao la ugenini CAF: 1-0 nyumbani na 2-1 nyumbani, ipi afadhali kabla ya marudiano?

Mtani_Tandika ameuliza:

Wakuu, naomba darasa. UEFA walifuta bao la ugenini kuanzia msimu wa 2021/22, na sisi tunaokesha na mechi za Ulaya tumeshazoea hesabu moja: jumla ya mabao, zikilingana dakika 30 za nyongeza, kisha matuta. Ikifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na Kombe la Shirikisho, kijiwe kinagawanyika. Huyu anasema CAF nao walishafuta, yule anasema lipo ila mwisho wake nusu fainali.

Kwa hiyo: bao la ugenini bado linahesabiwa, na mpaka hatua gani? Ukishinda nyumbani 1-0 au 2-1 si tofauti ya bao moja ileile? Dakika 30 zipo? Timu zinapigania kuongoza kundi ili marudiano yawe nyumbani, faida yake hasa ni nini? Na mwenyeji akihamishiwa uwanja mwingine, hata nje ya nchi, mabao ya mgeni bado yanaitwa ya ugenini? Nawasilisha.

---

Kiungo_Punda amejibu:

Mkuu, bao la ugenini CAF lipo, toka raundi za awali hadi fainali inapochezwa nyumbani na ugenini. Fainali ya Shirikisho 2023 inatosha kufunga ubishi: USM Alger walishinda 2-1 Uwanja wa Mkapa, Dar, tarehe 28 Mei, Yanga wakaenda Algiers tarehe 3 Juni wakashinda 1-0. Jumla 2-2. Waarabu walikuwa na mabao mawili ya ugenini, Yanga moja, kombe likabaki kwao.

Unaanza na jumla ya mabao ya mechi mbili. Zikilingana, unahesabu nani kafunga mengi ugenini. Na hayo yakilingana, matuta moja kwa moja. Dakika 30 hazipo.

Sasa 1-0 na 2-1. Tofauti ya bao ni moja, ila mtaji ni tofauti kabisa. Umeshinda 1-0 nyumbani: kule sare yoyote unapita, ukifungwa 1-0 mnakwenda kwenye matuta, na ukifungwa 2-1 au 3-2 bado unapita wewe, maana mwenzako hana kitu cha ugenini. Umeshinda 2-1: sare unapita, lakini ukifungwa 1-0 tu umetoka. Ili mfike kwenye matuta inabidi ufungwe 2-1 vilevile, na kuanzia 3-2 ndiyo unapita. Yaani kwa 1-0 unaweza kwenda ugenini usifunge hata bao moja, ukafungwa moja, na bado uko hai. Kwa 2-1 huwezi.

0-0 nyumbani watu wanaidharau bure. Suluhu ina maana sare yoyote ya mabao kule inakuvusha. Ubaya ni 1-1, hiyo inakulazimisha ushinde au utoe sare ya 2-2 kwenda juu. Na kuna 0-0 ya nyumbani inayofuatwa na 0-0 ya ugenini, kama Yanga na Mamelodi Sundowns robo fainali ya 2024. Dakika 180 bila bao, Sundowns wakapita kwa matuta 3-2.

---

Beki_Tatu amejibu:

Naongezea kwa Kiungo_Punda. Wabongo tuna historia ndefu na hiyo 1-0. Yanga na Al Ahly 2014, Simba na Orlando Pirates 2022, Simba na Wydad 2023: zote tulishinda 1-0 Dar, zote tukafungwa 1-0 kule, na zote tukatolewa kwa matuta 4-3. Mtu akikwambia 1-0 haitoshi, mwambie imetosha kutufikisha kwenye matuta mara tatu. Kilichotushinda ni kupiga penalti, na hilo ni zoezi la mazoezini.

Upande wa pili wa shilingi ni kufungwa bao nyumbani ukidhani umeshamaliza kazi. Oktoba 2021 Simba walishinda 2-0 Gaborone dhidi ya Jwaneng Galaxy. Wiki moja baadaye wakafungwa 3-1 Dar. Jumla 3-3, Galaxy wana matatu ya ugenini, Simba mawili. Miaka miwili kabla yake UD Songo wa Msumbiji walikuwa wametoa 0-0 kwao Beira, wakaja Dar wakapata 1-1, Simba nje.

Halafu kuna somo ambalo makocha wengi wanalisahau timu ikishazidiwa. Mei 2021 Kaizer Chiefs waliifunga Simba 4-0 Johannesburg, marudiano Simba wakashinda 3-0. Wangepata bao moja tu kule, hata la kona dakika ya 90, ingekuwa 4-1 na 3-0, jumla 4-4, Simba nusu fainali. Ukiwa nyuma 3-0 ugenini usiingize beki wa sita kupunguza aibu. Acha mshambuliaji mmoja juu, tafuta faulo pembeni na kona, mabeki warefu wapande. Bao moja hapo linabadilisha hesabu ya wiki inayofuata yote.

---

Shabiki_wa_Kundi_D amejibu:

Kuhusu kuongoza kundi. Droo ya robo fainali ina vyungu viwili: vinara wanne chungu kimoja, washindi wa pili wanne chungu kingine. Kinara hakutani na kinara, wala hakutani na aliyetoka naye kundi moja, na anamalizia nyumbani. Faida ya kwanza ndiyo kubwa, unawakwepa vinara wengine watatu. Na msisahau kwamba CAF timu zikilingana pointi kwenye kundi wanaangalia kwanza mechi zao wenyewe kwa wenyewe, kabla ya tofauti ya mabao ya jumla.

Kumalizia nyumbani kuna raha yake: unajua unatafuta nini, mashabiki wako wapo, na dakika 30 zikija unazicheza kwako.

---

Kiungo_Punda amejibu:

Kaka, hizo dakika 30 hazipo kwenye mechi mbili za CAF. Kwenye fainali za mechi moja, za mwaka 2020 hadi 2022, ndiko zilikuwepo. Fainali ya Shirikisho ya 2022, RS Berkane na Orlando Pirates, ilifika dakika 120 kabla ya matuta. Fainali zikarudi kuwa mbili msimu wa 2022/23.

Na hapo ndipo napingana na wanaosema kumalizia nyumbani ni nusu ya ushindi. Ondoa dakika 30, acha bao la ugenini, na mwenyeji wa marudiano ndiye anayebeba mzigo. Mlitoka 0-0, unafunga 1-0 kwako, uwanja unalipuka, dakika ya 85 mgeni anasawazisha. Sasa unatafuta la pili ndani ya dakika tano, na yeye anataka filimbi tu.

Sundowns wamekaa pande zote mbili za jambo hili. Nusu fainali ya 2023 walitoa 0-0 Casablanca, wakarudi Pretoria wakaongoza mara mbili, Wydad wakasawazisha mara mbili. 2-2, Wydad fainali. Nusu fainali ya 2025 ikageuka: 0-0 Pretoria na Al Ahly, kisha Cairo Ahly wakatangulia, na mwishoni wakajifunga. 1-1, Sundowns fainali. Mara zote mbili aliyemalizia nyumbani ndiye aliyetoka.

Mimi nikiulizwa nianzie wapi, nikiwa na safu ya ulinzi inayoaminika na winga wa kaunta, naanzia nyumbani bila wasiwasi.

---

Filimbi_Tatu amejibu:

Mmeongea matuta bila kugusa maandalizi yake, na ndiko timu zetu zinakopotezea.

Kwa kuwa hakuna muda wa nyongeza, wanaopiga ni wale walio uwanjani filimbi ya mwisho ya dakika 90 na nyongeza yake inapolia. Aliyetoka haruhusiwi kurudi. Kocha ana wachezaji watano wa kubadilisha, ila ana nafasi tatu tu za kusimamisha mchezo (mapumziko hayahesabiwi). Ukizitumia zote dakika ya 70, na mpigaji wako bora yuko benchi, umekwisha. Nafasi ya tatu ihifadhiwe hadi dakika ya 80 na kitu. Ila usimwingize mtu dakika ya 90+3 akapige penalti mguu ukiwa wa baridi. Mpe angalau dakika tano hadi kumi aguse mpira.

Mwamuzi anarusha shilingi mara mbili, kwanza kuchagua goli la kupigia, kisha nani achague kuanza au kufuata. Hapewi orodha ya wapigaji, mnapanga wenyewe na mnaweza kubadilisha katikati. Timu moja ikiwa na kadi nyekundu na imebaki na 10, nyingine inampunguza mmoja ili walingane. Hapo unamtoa mpigaji dhaifu kuliko wote, maana baada ya tano tano zamu inaendelea hadi wote wapige, kipa akiwemo, ndipo mtu anarudia.

Kadi za njano za kwenye mchezo haziingii kwenye matuta. Kipa aliyeonyeshwa njano dakika ya 60 kwa kupoteza muda, akionyeshwa nyingine wakati wa matuta, hatolewi.

Kipa awe na sehemu ya mguu mmoja kwenye mstari, sambamba nao au nyuma yake, mpira unapopigwa. Akiwahi kutoka na akaokoa, penalti inarudiwa na anaonywa. Akirudia kosa ni njano. Lakini mpigaji akipaisha au akigonga mwamba bila kipa kugusa, hairudiwi, ila tu kama kipa alimvuruga waziwazi. Mashabiki wengi hupiga kelele "arudie" mahali ambapo sheria haisemi hivyo.

---

Mtani_Tandika amejibu:

Shukrani wakuu, nimepata madini. Bado swali la uwanja kuhamishwa. Na lile shuti la Aziz Ki wa Yanga kule Pretoria na Sundowns, lililokataliwa kuwa bao, si VAR (mwamuzi wa video) ilikuwepo?

---

Filimbi_Tatu amejibu:

VAR ilikuwepo, ila VAR ni kamera na watu wanaozitazama. Teknolojia ya mstari wa goli, ile inayotetemesha saa ya mwamuzi mkononi, ni mtambo mwingine na mechi ile haikuwa nao. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakutoa bao, na ili VAR igeuze uamuzi inahitaji picha inayothibitisha bila shaka, ikiwezekana ya kamera iliyo sawasawa na mstari. Kamera ikiwa pembeni kidogo, mpira ulio hewani unaweza kuonekana umevuka au haujavuka kutegemea umesimama wapi. Nadhani lilikuwa bao, lakini kwa vifaa vilivyokuwepo ubishi usingeisha usiku ule.

Na hata hiyo VAR yenyewe huzimika. Fainali ya Ligi ya Mabingwa 2019 kule Rades, Tunisia, Wydad walifunga, bao likakataliwa, wakadai marudio ya video, kumbe mtambo haufanyi kazi. Wakagoma kuendelea, Esperance wakapewa kombe.

---

Beki_Tatu amejibu:

La uwanja: mwenyeji ni aliyeandikwa mwenyeji kwenye ratiba, haijalishi mechi inachezwa wapi. Al Hilal ya Omdurman kwa sababu ya vita Sudan ilikuwa inatumia Nouakchott msimu wa 2024/25. Al Ahly walipowafunga 1-0 pale kwenye robo fainali, lile lilikuwa bao la ugenini ingawa Nouakchott si kwa yeyote kati yao.

Simba na Berkane, fainali ya Shirikisho 2025, vilevile. Walifungwa 2-0 Morocco, marudiano yakahamishiwa Amaan, Zanzibar. Walihitaji 2-0 kwenda kwenye matuta au 3-0 kubeba kombe. Walitangulia kufunga, na kila bao la Berkane lingepandisha hesabu: Berkane wakipata moja, Simba wanahitaji 4-1. Likaingia, ikaisha 1-1.

Linganisha na robo fainali ya msimu uleule: Al Masry walishinda 2-0 kwao, Simba wakarudisha 2-0 kwa Mkapa bila kuruhusu bao, matuta 4-1. Matokeo ya kwanza yaleyale, 2-0 ugenini. Wavu wa nyumbani ndio uliotofautisha.