Mbayuwayu wanaolala kwenye matete: wanangoja nini?

Baba Zuhura
Habari za jioni. Nipo Norfolk, Uingereza, karibu na ziwa lenye matete. Tangu katikati ya Agosti mbayuwayu hushinda kwenye nyaya za simu, na jua likizama huzunguka juu ya ziwa kwa wingi wa ajabu, halafu ghafla wote hutumbukia kwenye matete. Mbona hawalali bandani walikozaliwa? Na je, ndio hawa tunaowaona kwetu Tanga?

Bi Mwanasha
Baba Zuhura, shikamoo. Mimi hujitolea na watu wanaowavisha ndege pete miguuni, na msimu huu naupenda kuliko yote.

Wengi wao ni vijana wa mwaka huu. Tazama mkia: hauna zile nyuzi mbili ndefu, na wekundu wa kooni umefifia. Bandani wazazi huenda bado wanalea kizazi cha pili au cha tatu. Matete yamesimama majini, kwa hiyo mbweha na paka hawafiki. Kozi mdogo, ndege mwindaji, ndiye wa kuogopwa. Huja wakati huohuo jua likizama, ndiyo maana hutumbukia kwa pamoja.

Wanangoja kunenepa. Ndege wa gramu 19 hivi huongeza gramu kadhaa kabla ya safari. Ukimshika ukampuliza manyoya ya kifua, unayaona mafuta ya manjano chini ya ngozi. Tafadhali usiwamulike tochi wakishatua, wakiruka gizani wanapoteza akiba hiyo.

Wa Uingereza hupita Ufaransa, Hispania na Moroko, wakavuka Sahara mpaka Afrika Kusini. Wakili mmoja, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete huko Staffordshire, Uingereza, Mei 1911, naye ndege huyo akapatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Wanaofika Afrika Mashariki wengi hutoka mashariki zaidi, upande wa Urusi.

Mvuvi wa Mwanza
Huku tunaanza kuwaona Septemba. Wadudu wa ziwani wakipanda kama moshi, mbayuwayu wamo humohumo wanakula.

Baba Zuhura
Marahaba, Bi Mwanasha, na ahsanteni. Nitajuaje siku ya kuondoka?

Bi Mwanasha
Hawaondoki wote siku moja, na husafiri mchana wakila njiani. Mvua zikikatika, mbingu zikatakata na upepo mwepesi ukavuma kutoka kaskazini, nenda ziwani jioni inayofuata. Utaona kundi limepungua, ingawa wengine huenda wamefika kutoka juu zaidi, Scotland.