Ubao wa banda la video: litangulie jina la steringi au la shujaa?

MwanaBanda (mleta uzi), Morogoro

Heshima kwenu wakuu. Baba mdogo amenikabidhi banda lake la video, lenye vibali vyake vyote, na jambo linalonisumbua ni dogo kwa sura ingawa linagusa kiingilio cha kila jioni. Yeye alikuwa akiandika jina la steringi, yaani mwigizaji mkuu, kwa chaki nene kwenye ubao wa nje, kisha jina la picha chini yake kwa herufi ndogo, na hilo lilitosha, kwa sababu mtu aliyesoma Schwarzenegger, Van Damme au Jackie Chan alijua anachokwenda kuona hata kama hadithi yenyewe haijui. Nimeendelea na mtindo huo kwa picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu, lakini matokeo yananichanganya. Nikiandika Chris Hemsworth, vijana wanapita. Nikifuta na kuandika Thor, wanauliza saa ya kuanza. Jioni niliyoandika Blade bila kumtaja Wesley Snipes, wazee wa mtaa walinilaumu kwamba nimewaficha picha yao. Ubao una nafasi ya majina mawili tu. Naomba ushauri wenu.

Mzee wa Kanda

Mwanangu, waliotengeneza Superman ya mwaka 1978 walikuwa na tatizo hilohilo. Christopher Reeve, aliyevaa joho lenyewe, hakuwa akijulikana, kwa hiyo yakatangulizwa majina ya Marlon Brando na Gene Hackman, na Brando akalipwa dola milioni 3.7 pamoja na fungu la mapato kwa kuonekana kwa muda usiofika dakika 20, ilhali Reeve alipata dola 250,000 kwa picha mbili. Mwaka 1989 mambo yakajirudia katika Batman: Jack Nicholson, aliyekuwa adui, alitajwa kabla ya Michael Keaton aliyekuwa Batman mwenyewe. Wenye studio waliamini kwamba mhusika wa vitabu vya katuni hawezi kuwaleta watu wazima ukumbini bila nyota mkubwa kumdhamini. Baadaye waligundua kwamba joho linauza lenyewe, na joho, tofauti na mwigizaji, halidai nyongeza ya malipo.

Bi Tamthilia

Kaka, andika shujaa na usihangaike. Huyo Hemsworth unayemtaja alikuwa tayari Thor anayejulikana dunia nzima alipotoka na Blackhat mwaka 2015, picha iliyogharimu takriban dola milioni 70 na kuingiza chini ya milioni 20. Watu walewale waliompenda akiwa na nyundo ya Thor hawakumfuata alipoiweka chini. Anthony Mackie, ambaye mwenyewe amekuwa Falcon na kisha Captain America, amewahi kusema hadharani kwamba enzi ya nyota wa sinema imekwisha na kwamba siku hizi mhusika ndiye nyota, na sioni kwa nini tubishane na mtu anayeishi ndani ya jambo hilo. Tazama pia upande wa pili. Dwayne Johnson ni miongoni mwa waigizaji wanaojulikana zaidi duniani, lakini alipomchukua shujaa ambaye wengi hawakumjua, Black Adam, mwaka 2022, mapato hayakufika dola milioni 400 na mwendelezo haukufuata.

Fundi Projekta

Dada, kwa heshima zote, umeruka mifano inayokupinga. Hancock ya mwaka 2008 haikutoka katika kitabu chochote cha katuni, hakuna aliyekuwa akimjua shujaa huyo, na bado ilikusanya zaidi ya dola milioni 600 kwa sababu ya Will Smith. Mwaka huohuo Iron Man hakuwa na umaarufu wa Superman wala Batman, na Robert Downey Jr. alikuwa mtu ambaye studio ilisita kumpa kazi kwa sababu ya historia yake ya dawa za kulevya, hadi mwongozaji Jon Favreau alipomng'ang'ania. Ni nani kati ya wawili hao aliyembeba mwenzake? Hata Spider-Man, ambaye kinyago chake kinafunika uso wote, hakuponyoka: mwaka 2021 Tobey Maguire na Andrew Garfield walirudi kusimama na Tom Holland, na watazamaji walishangilia kila uso wao ulipoonekana, wala si kinyago. Sikatai kwamba umaarufu huo hausafiri vizuri nje ya vazi. Ninachokataa ni kusema kwamba yeyote akivalishwa vazi mambo yatakuwa yaleyale.

Nyota ya Ziwa, Kisumu

Namuunga mkono Fundi, na mfano wangu ni Black Panther. Chadwick Boseman alipofariki mwezi Agosti 2020, studio ya Marvel haikumpa mtu mwingine nafasi ya T'Challa, yaani Black Panther mwenyewe. Ilimzika mhusika pamoja na mwigizaji wake katika picha ya mwaka 2022. Kwa Superman jambo hilo lisingewezekana, kwani Henry Cavill aliondolewa akiwa hai na mwenye afya, na joho likaenda kwa David Corenswet. Huku kwetu kuna nyongeza. Lupita Nyong'o siyo steringi wa Black Panther, lakini ukiandika jina lake kwenye ubao wa Kisumu utahitaji viti vya kuazima. Mashabiki wa Kampala nao wana haki ya kumdai Florence Kasumba, aliyemo pia katika picha hiyo na aliyezaliwa huko. Kwa hiyo uliza kwanza ni nani anayepita mbele ya ubao wako.

MwanaBanda

Nimewaelewa, wakuu. Spider-Man na Batman, waliovaliwa na wengi, nitawaandika wenyewe. Iron Man nitamwandika pamoja na Downey, na Hancock itabaki kuwa ya Will Smith. Limebaki swali moja. Jumamosi nina Deadpool & Wolverine ya mwaka 2024, ambamo Wesley Snipes amerudi akiwa Blade. Je, niandike jina lake ili niwarudishe wale wazee?

Mzee wa Kanda

Usithubutu. Hapo aliingizwa kwa kuwashtukiza watazamaji, na anaonekana kwa muda mfupi tu. Wazee hao wakilipa kwa ajili ya Snipes na wakamkuta Hugh Jackman ndiye anayepigana tangu mwanzo hadi mwisho, watakudai kiingilio chao mlangoni. Andika Wolverine na Jackman, maana huyo amekuwa na kucha za Wolverine tangu mwaka 2000, kisha wapangie wazee Blade ya mwaka 1998 siku ya Jumapili, na safari hii jina la steringi litangulie.