Wijkagent (polisi wa mtaa) alikuja nikiwa dukani napiga picha na mchezaji: nifanyeje?

Kutoka: Baba Rehema (Limburg)

Wanajamii, habari za jioni. Mniwie radhi, naingia na shida moja kwa moja.

Tulihama nyumba tarehe mosi. Siku ya tatu nikaenda gemeente, yaani ofisi ya manispaa huku Ubelgiji, kutangaza anwani mpya, ndani ya zile siku 8 za kazi, mkataba wa nyumba mkononi. Gemeente yenyewe siitaji, Limburg tunajuana. Nikaambiwa subiri wijkagent aje athibitishe kwamba kweli unalala hapo. Nikasubiri. Wiki mbili nzima mchana sikutoka, maana kazini naingia usiku.

Jumatano iliyopita, saa tisa na robo alasiri, mke wangu akasema mkate umekwisha. Duka la mikate liko hatua mia mbili. Nikatoka na kandambili juu ya soksi.

Pale unachukua kikaratasi cha namba. Mimi 64, wanahudumia 61. Mbele yangu kijana mrefu, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi, amempakata mtoto, na mtoto anatafuna namba 63. Karatasi ilikuwa imeshalowa, hata 3 haisomeki. Kijana akageuka kuniuliza kama bado nakumbuka ni ngapi. Hapo ndipo nikamjua. KRC Genk, timu yetu ya mpira huku Limburg, kikosi cha kwanza. Nimempigia kelele uwanjani mvua ikinipiga, nimeshamtukana pia, Mungu anisamehe, siku ile aliyokosa goli la wazi.

Nikamwambia ni 63. Akashukuru, akauliza mkate gani hapa ni mzuri. Ananiuliza mimi! Nilimweleza habari za mkate kama niliyezaliwa kwenye tanuri. Tukaongea watoto, tukaongea usingizi, mpira hatukuugusa kabisa. Mwisho nikaomba picha. Mama mwenye duka ndiye aliyetupiga: ya kwanza kidole chake, ya pili imetoka safi.

Narudi nyumbani, kwenye sanduku la barua kuna kikadi: nilipita, hukuwepo. Saa imeandikwa kwa kalamu, 15.35. Mke alikuwa anaoga, hakusikia kengele. Leo nimepiga simu gemeente, wanasema kwenye mfumo imeingia "hakupatikana". Na kadi yangu A, kibali changu cha ukaazi wa muda, inakaribia kuisha; ile siku ya 45 hadi ya 30 kabla haijaisha, ya kuomba upya, imeshaanza kuhesabika.

Maswali yangu mawili. Nimpigie wijkagent mwenyewe au nisubiri arudi? Na ile picha ina saa 15.31, nyuma kwenye kioo jina la mtaa wetu linaonekana. Inaweza kunisaidia?

Kutoka: Mama Pacha (Hasselt)

Pole sana Baba Rehema. Swali la kwanza: jina lenu liko kwenye kengele? Kama halipo, hata angekuja mara kumi. Sisi mwaka ule tulipohama tulibandika jina kwa plasta ya vidonda, wijkagent akaliona akacheka. Alipoingia akaangalia miswaki bafuni, akafungua kabati la viatu, akauliza kitanda cha watoto kiko wapi. Dakika tano kwisha. Chai nilimwekea, hakuigusa.

Halafu hujasema mchezaji gani.

Kutoka: Chalii wa Antwerpen

Bro hiyo ni Samatta tu! Mrefu, mpole, anaongea na watu. Weka picha!!!

Kuhusu makaratasi, omba oranje kaart wakati unasubiri. Mimi walinipa.

Kutoka: Mzee wa Leuven

Chalii, kabla ya kuandika tuwe tunasoma. Samatta aliingia Genk Januari 2016 akitokea TP Mazembe, akaondoka Januari 2020 kwenda Aston Villa. Fenerbahçe kwa mkopo, Antwerp kwa mkopo, yaani kwenu hapo hapo, na hukumwona. Akarudi Genk kwa mkopo msimu wa 2022/23, kisha PAOK, na mwaka 2025 akaenda Le Havre. Sasa Jumatano iliyopita atakuwa anapanga foleni ya mkate Limburg kufanya nini?

Na oranje kaart, yaani AI (attest van immatriculatie), ni ya anayesubiri uamuzi wa ombi lake la ukaazi. Baba Rehema tayari ana kadi A. Kinachomhusu ni Bijlage 15, cheti cha muda wakati kadi mpya inasubiriwa, siku 45, huongezwa mara mbili. Msimpoteze mwenzenu.

Kutoka: Chalii wa Antwerpen

Mzee nilikuwa natania kidogo. Lakini watu huwa wanarudi kusalimia marafiki, au ni marufuku? Kama sio yeye basi Kelvin John.

Kutoka: Mzee wa Leuven

Kelvin John naye aliondoka Genk, alikwenda Aalborg, Denmark, mwaka 2024. Kabla hujamtaja Novatus, Mtanzania mwingine aliyecheza huku: Zulte Waregem alishaondoka siku nyingi.

Kutoka: Mkenya wa Gent

Wabongo na Samatta wenu. Mnasahau Genk ilikuwa na Mkenya kabla nyinyi hamjajua iko wapi kwenye ramani. Mike Okoth Origi alikuwa kwenye timu iliyochukua ubingwa 1999. Mtoto wake Divock alizaliwa Ostend, akalelewa kwenye akademi hiyo hiyo ya Genk, akaenda Liverpool kuwapiga Barcelona mbili Mei 2019 na moja kwenye fainali dhidi ya Tottenham. Wanyama akiwa kwenye benchi la Tottenham anatazama! Fainali ya Ulaya, Mkenya huku, Mkenya kule. Na tusisahau AFCON, Cairo, Juni 27 mwaka huo huo. Kenya 3, Tanzania 2. Samatta alifunga, ndio. Olunga akafunga mbili.

Sasa kuhusu kukutana na wachezaji, wacha niwaambie yangu. Mwaka 2010 Wanyama alikuwa Germinal Beerschot na mimi nilikuwa nimefika juzi tu. Siku moja kwenye tram pale Antwerp nikamwona. Mabega yale, kichwa kile. Nikamwendea na Kiswahili: "Victor, niaje!" Akatabasamu, akanishika mkono, akakubali picha. Nikaituma nyumbani. Baba akaipeleka kutengenezewa fremu, akaitundika sebuleni, juu kabisa ya picha ya harusi yake.

Miaka mitatu baadaye nafanya kazi bandarini, namwona "Wanyama" ameshika mashine ya kuchomelea vyuma. Mghana. Kiswahili hajui hata "habari". Nikamuuliza mbona siku ile ulikubali? Akasema ulionekana una furaha sana.

Picha bado iko ukutani. Baba alifariki akijua ni Wanyama na sisi tumeiacha pale pale. Huyo Mghana sasa ndiye rafiki yangu mkubwa hapa Ubelgiji, na nikienda nyumbani hunituma niisalimie picha yake.

Kutoka: Mama Pacha (Hasselt)

Jamani nimecheka hadi watoto wameamka. Poleni na msiba wa mzee.

Kutoka: Dereva (Mechelen)

Wakubwa shikamooni. Mimi nasambaza vifurushi, kampuni siitaji. Sisi ndio tunaowajua wachezaji wanaishi wapi kuliko waandishi wote wa habari, na haturuhusiwi kusema, kwa hiyo msiniulize.

Kuna mmoja, mtu wa timu ya taifa ya huku. Nilimkuta mlangoni pekupeku, ameshika kijiko cha uji. Nikampa skana atie saini. Akatia kwa kidole, saini ile ile ya kwenye jezi, na mkia wake. Tangu niko darasa la nne natamani saini ya yule mtu. Nimesimama naitazama kwenye kioo cha skana. Halafu kioo kikaandika "imekamilika, anwani inayofuata" na ikapotea. Iko kwenye seva fulani. Sikuomba nyingine, nilikuwa na vifurushi vingine themanini ndani ya gari na mvua inanyesha.

Alinitakia siku njema. Mlango ulipofungwa nikamsikia anamwambia mtu ndani kwamba ni zile viatu.

Baba Rehema, kuhusu wijkagent sijui, mimi nilikuta mke ameshamaliza kila kitu.

Kutoka: Papa Bukavu (Liège)

Jambo bandugu. Naona mnagombania Samatta kama vile hakupitia kwetu. Lubumbashi ndiyo ilimpika. Ligi ya Mabingwa ya Afrika 2015 aliichukua na Mazembe, ndipo Genk wakamwona. Mama mkwe wangu kule Lubumbashi mpaka leo anamwita "mtoto wetu".

Na mkitaka habari ya mpira na gemeente (sisi huku tunasema commune), basi mtafuteni mzee Pierre Kompany, baba yake Vincent. Mtu wa Bukavu, mji wangu. Alifika Ubelgiji mwaka 1975 akiwa mkimbizi, naye alisimama kwenye hizo foleni. Mwaka 2018 akawa meya wa Ganshoren, meya wa kwanza mweusi nchi hii. Wakati ule mtoto anainua makombe Manchester, baba anaongoza commune inayotoa hizo kadi. Miye niliposikia nilivaa koti na kiatu cha Jumapili, nikaenda Ganshoren kwa treni, nikasimama tu nje ya jengo. Sikuwa na shida yoyote ya karatasi siku hiyo. Nilitaka kujua ofisi inakaaje wakati huna shida nayo.

Kutoka: Mzee wa Leuven

Papa Bukavu umenigusa.

Ndiyo maana mimi nasema suala letu ni uraia pacha. Mtazame Yussuf Poulsen. Baba yake Mtanzania, akafariki mtoto akiwa na miaka sita. Kombe la Dunia 2018 akavaa jina la baba, Yurary, mgongoni, akawafunga Peru. Kwa jezi ya Denmark! Sisi tulikuwa sebuleni tunashangilia kwa nguvu bila kujua tunamshangilia nani hasa. Wakenya waliruhusu uraia pacha kwenye katiba yao ya 2010. Sisi mpaka leo tunazungushwa na habari za hadhi maalum.

Kutoka: Mkenya wa Gent

Uraia pacha tunao, lakini Origi alivaa ya Ubelgiji vilevile. Goli dhidi ya Urusi 2014, Maracanã, kijana wa miaka 19. Pasipoti mbili hazifungi goli, mzee.

Kutoka: Mzee wa Leuven

Sikusema zinafunga goli. Nimesema haki. Ukisoma taratibu utaona.

Kutoka: Chalii wa Antwerpen

Haki gani wakati ukienda nyumbani mwezi mmoja unaanza kulalamika umeme

Kutoka: Msimamizi wa orodha

Ndugu zangu, mnajua utaratibu. Siasa za nyumbani zina orodha yake, na kule nako tumefunga kwa muda. Naomba turudi kwenye mada.

Ila na mimi niseme moja. Mechi ya Genk na Liverpool pale Anfield, Novemba 2019, Samatta alipopiga kile kichwa ikawa 1-1, nilikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na babu mmoja, mchimba makaa wa zamani wa Waterschei, kule ambako timu yao iliungana na ya Winterslag mwaka 1988 kuwa Genk. Miezi minne alikuwa hanisemeshi, ananyoosha tu mkono nimpe dawa. Goli lilipoingia akanigeukia akauliza: huyo ni wa kwenu? Nikasema wa kwetu. Akasema, basi kaa. Nikakaa. Tulifungwa 2-1, na dawa za saa tatu usiku nilizigawa saa tano.

Haya, nani anajua kuhusu wijkagent?

Kutoka: Mama Pacha (Hasselt)

Mimi nilishasema, kengele.

Kutoka: Dereva (Mechelen)

Kengele ni kweli. Ninapopeleka vifurushi, nyumba isiyo na jina naandika "hayupo" na kuondoka. Samahani lakini ndivyo.

Kutoka: Baba Rehema (Limburg)

Asanteni wote. Jina nimeshabandika, kubwa, linasomeka hadi ng'ambo ya barabara. Jirani amekuja kuuliza kama tumefungua biashara.

Kikadi kina namba ya simu lakini tarakimu ya mwisho kalamu imekwaruza, ni 1 au 7. Nimejaribu 1, akapokea bibi mmoja, tumeongea vizuri tu, lakini si polisi. Kabla sijajaribu 7 naomba anijibu aliyewahi kumpigia: unampigia moja kwa moja au lazima upitie gemeente? Na picha niichapishe au nimwonyeshe kwenye simu? Niko nyumbani tangu saa mbili asubuhi, hata takataka sijatoa. Mkate umekwisha tena.

Kutoka: Chalii wa Antwerpen

Kaka pole. Lakini alikuwa nani?