Ushauri: njia za kukimbia zenye vilima na misitu karibu na Watford (sina gari)

BintiLami:
Habari zenu wadau. Naishi Watford na mbio zangu zote ni za lami, kilometa 10 kwa dakika 62 hivi. Nataka kuhamia kwenye vilima na misitu ya huku Uingereza. Masharti: sina gari, kilometa 12 hadi 15, Jumamosi asubuhi, naanza mwezi huu wa Oktoba. Niende wapi? Viatu vya lami vitatosha? Na kingine kinachonitatiza: kwenye ramani naona njia zinakatiza katikati ya mashamba ya watu. Hivi ni ruhusa kweli, au nitaenda kufukuzwa na mbwa?

MzeeWaGumegume:
Dada, wewe umekaa pazuri mno. Panda treni Watford Junction, shuka Tring, ni kama dakika 20 hadi 25. Kituo kiko porini, mji wenyewe uko mbali kidogo, na kwako hiyo ni faida: ukitoka kituoni umeshaanza mbio.

Chukua barabara ya kuelekea Aldbury, usifuate ya kwenda Tring mjini. Baada ya muda mfupi utakuta alama za Ridgeway. Ni njia ya taifa ya kilometa 139, na mwisho wake wa mashariki ni kilele cha Ivinghoe Beacon, huko huko unakokwenda. Alama yake ni tunda la mwaloni, kwa hiyo hadi kileleni kazi yako ni kulitafuta hilo tunda kwenye nguzo.

Unaanza kupanda ndani ya msitu wa Aldbury Nowers, kisha miti inaisha ghafla na unatokea kwenye majani mafupi ya Pitstone Hill. Hapo ndipo wengi wanaharibu mbio yao. Uwanda umefunguka, upepo mzuri, mtu anaongeza kasi, anasahau kwamba mbele kuna bonde la Incombe Hole na mpando mwingine wa kulizunguka. Tunza miguu. Unavuka barabara ya magari mara mbili kabla ya kilele (mita 233). Kutoka kituoni hadi hapo ni karibu kilometa 6.

Kurudi usirudie njia ile ile. Fuata alama za Ashridge Boundary Trail kupitia Clipper Down, ukingoni mwa msitu, hadi mnara wa Bridgewater. Ulijengwa 1832 kumkumbuka Duke wa Bridgewater, kabaila aliyechimbisha mifereji. Pembeni yake kuna mkahawa na vyoo. Kutoka mnarani teremka Aldbury, kijiji chenye bwawa katikati, halafu barabarani hadi kituoni. Mzunguko mzima ni kilometa 13 hadi 14, na kupanda kote ukijumlisha ni mita 250 hadi 300.

Usitumie hesabu za lami. Kwa kasi yako kilometa 14 za lami ni dakika 87, lakini hapa jipe saa 1 na dakika 45 hadi saa 2. Mpando ukiwa mkali tembea kwa hatua fupi, mikono juu ya mapaja. Hakuna atakayekucheka, wenyeji wote wanatembea.

Wakili_wa_Vichochoro:
Nijibu la mashamba. Ni ruhusa, na ni haki ya kisheria, mwenye shamba hakufanyii hisani. Njia ya umma ikikatiza shamba la ngano, unapita hapo hapo katikati. Ila haki yako ni ya kupita kwenye mstari wa njia tu. Ukikata kona ukaingia pembeni, umeshaingia shamba la mtu.

Nguzoni tazama rangi ya mshale. Njano ni ya waendao kwa miguu peke yao. Buluu ni ya miguu, farasi na baiskeli. Zambarau inaongeza magari ya kukokotwa na farasi, na nyekundu inaruhusu hata magari ya injini. Wewe unaruhusiwa zote nne. Tofauti utaiona chini: njia za buluu wakati wa baridi zinakanyagwa na kwato hadi zinakuwa uji, wakati ya njano sambamba nayo inaweza kuwa nzuri tu.

Angalizo: rangi za nguzoni si za kwenye ramani. Kwenye ramani za Explorer za Ordnance Survey (shirika la ramani la taifa), njia za umma ni vistari vya kijani, vifupi kwa miguu, virefu kwa farasi. Vistari vyeusi vinaonyesha kwamba njia ipo ardhini, havisemi kwamba una haki ya kuipita. Hapo ndipo watu wanapofukuzwa. Kwa eneo hilo nunua Explorer 181.

Na mageti: ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mkulima huwa na sababu yake.

Kasi_ya_Kobe:
Kwa nini hamumwambii Box Hill kule Surrey? Kituo cha Box Hill & Westhumble kiko chini ya mlima kabisa, unavuka mto Mole kwa mawe ya kukanyagia, unapanda ngazi 275, unatokea juu unaona mabonde yote ya kusini. Mandhari ya Ridgeway hayafikii robo.

MzeeWaGumegume:
Mkuu, uzuri wa Box Hill sibishi. Lakini toka Watford lazima avuke London nzima ndipo aanze kukimbia. Ngazi zile kwa mtu wa lami si mbio, ni adhabu ya vigimbi vya miguu. Jumamosi saa 4 asubuhi zimejaa wapanda milima. Mvua ikinyesha sana, mawe ya mtoni yanazama, mnarudi kwenye daraja la pembeni. Aende mwezi wa 5, mara moja, kwa raha zake. Njia ya mazoezi ni ile ambayo treni yake haikuchoshi.

Soli_Meno:
Viatu sasa. Vya lami havitatosha kuanzia Novemba, na sababu ni udongo wa Chiltern, yaani vilima hivyo hivyo vya Tring. Chini kuna chaki, mwamba mweupe laini wa chokaa. Chaki inapitisha maji vizuri, lakini uso wake ukilowa unateleza kama sabuni, hasa pale palipong'arishwa na nyayo za watu. Juu ya vilima, humo msituni Ashridge, kuna tabaka la mfinyanzi uliochanganyika na mawe ya gumegume. Huo unashika maji, unaganda kwenye soli, na baada ya mita 200 umebeba nusu kilo kila mguu.

Chukua viatu vyenye meno ya milimita 4 hadi 5, yaliyoachana, ili tope lidondoke lenyewe. Meno ya milimita 8 ni ya matope matupu. Kwenye kile kipande cha lami cha Aldbury hadi kituoni utayaona yanavyokuumiza na kuliwa. Usinunue visivyopitisha maji kwa njia hii. Maji yakiingia kwa juu hayatoki, unakimbia na ndoo mbili. Bora kiatu chenye matundu na soksi za sufu nyembamba.

Kuanzia mwisho wa Oktoba majani yanaanguka na kuficha mizizi. Ile miti mirefu yenye gome laini la kijivu ina mizizi inayopita juu juu. Kwenye mteremko inua goti zaidi ya ulivyozoea, tazama mita 3 hadi 4 mbele badala ya vidoleni, na usijizuie kwa kisigino. Anayejizuia kwa kisigino kwenye chaki iliyolowa anakaa chini bila kupenda.

BintiLami:
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea. Mawili yamebaki: nikikuta ng'ombe njiani? Na siku ya dhoruba nifanyeje, nilale tu?

Wakili_wa_Vichochoro:
Ng'ombe: acha kukimbia, tembea. Usipite kati ya mama na ndama, zunguka kwa mbali hata kama unaacha mstari wa njia kidogo. Wakikufuata, wengi wao ni udadisi tu, endelea kutembea kwa utulivu kuelekea getini. Ukiwa na mbwa na ng'ombe wakakujia kwa hasira, mwachie mbwa kamba. Wanamtaka yeye, na ana miguu mizuri kuliko wewe. Farasi ukimkuta kwa nyuma, sema "good morning" ukiwa bado mbali. Anayeshtushwa anapiga teke.

Mfereji_Baridi:
Siku ya upepo mkali msitu ukae nao mbali, matawi yanadondoka, na miti mingi ya jamii ya ash imeuliwa na ugonjwa wa kuvu. Lakini usilale. Shuka Tring hiyo hiyo, shika njia ya kando ya mfereji wa Grand Union kuelekea kusini. Hadi Berkhamsted ni kilometa 6 hivi, hadi Hemel Hempstead kama 12. Tring ndiyo sehemu ya juu ya mfereji, kwa hiyo baada ya mahali paitwapo Cow Roast kila malango ya maji (ya kushushia boti) yanakushusha. Reli inaambatana na mfereji muda wote: ukichoka, ukiloa, ukiumia, kituo kiko karibu. Si njia ya kupiga picha sana, lakini ndiyo itakayokubeba Januari yote.

Ratiba ya treni iangalie Ijumaa jioni. Wikiendi kuna matengenezo ya reli na unaweza kukuta basi badala ya treni.

Soli_Meno:
Naongeza ya usalama. Desemba jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na msituni giza linatangulia nusu saa, kwa hiyo beba taa ya kichwani hata ukiondoka mchana. Pakua ramani kwenye simu kabla, mtandao mabondeni ni wa kubahatisha, na simu ikae mfuko wa karibu na mwili maana baridi inamaliza betri. Leo hii tuma neno "register" kwenda 999, namba ya dharura ya huku, na ufuate maelekezo. Baada ya hapo ukipata ajali utaweza kuomba msaada kwa ujumbe mfupi, ambao mara nyingi unapita pale simu inapokatika.

Kuanzia masika yao hadi vuli, jikague kupe nyuma ya magoti na kwenye kinena. Ukimkuta, mshike kwa kibano chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu kwenda juu, usimpake mafuta wala kumchoma. Doa jekundu likianza kutanuka, mara nyingi ndani ya wiki 4, nenda kwa daktari umtajie kupe.

Kasi_ya_Kobe:
Nimeshindwa kesi ya Box Hill, sawa. Ila mwambieni tarehe: mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, Ashridge inageuka buluu kwa maua ya bluebell. Kaa ndani ya njia, yakikanyagwa majani yake mwaka unaofuata hayachanui vizuri. Juni na Julai vichochoro vyembamba vinazibwa na majani yanayowasha kama upupu, vaa soksi ndefu.

BintiLami:
Basi Jumamosi hii Tring. Kuna la kubeba ambalo hamjataja?

MzeeWaGumegume:
Soksi kavu na mfuko wa plastiki wa viatu. Treni ya kurudi ina viti vya kitambaa.