Mjadala: Je, muuza chakula wa barabarani mjini Mombasa alazimishwe kuchanjwa homa ya matumbo?

Mkaazi wa Kibokoni: Julai 2025 watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 walichanjwa homa ya matumbo kote nchini Kenya, sindano moja tu, sambamba na ile ya surua na rubela kwa wale wadogo, na chanjo hiyo sasa imo katika ratiba ya kliniki mtoto anapofika miezi 9. Ikiwa mtoto anayekula amechanjwa, kwa nini anayempikia asichanjwe kwa lazima, ilhali Shirika la Afya Duniani limeipendekeza hadi umri wa miaka 45? Kila anayeshika chakula tayari hutakiwa awe na cheti cha uchunguzi wa afya cha kila miezi 6, basi sindano moja ya ziada si mzigo, hasa kwa hawa wa viazi karai ambao ndoo yao moja huosha mikono, sahani na vijiko tangu alasiri hadi isha.

Muuza Viazi wa Mwembe Tayari: Nilisoma hadi kwenye ndoo nikakwama hapo. Kiazi changu huchemshwa, huvikwa unga wa dengu na manjano, kisha hutumbukizwa katika mafuta yanayotokota, kwa hiyo ningependa ndugu yangu aniambie ni mdudu gani hutoka mzima humo. Ndoo zangu ni tatu, na ya kunawia ina bomba. Cheti ninacho, na bwana afya akipita humwonyesha kabla hajauliza. Wanaokula hotelini kwenye meza za vioo hawaoni jikoni, lakini mimi napika mbele ya macho ya mteja.

Muuguzi Mstaafu: Tusimwonee muuza viazi, na tusiitwike chanjo mzigo usio wake. Chanjo humkinga aliyechomwa asiugue, lakini haifukuzi vijidudu ambavyo vimeshafanya makazi katika kifuko cha nyongo cha mtu anayejiona mzima. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907, hakulalamika kuwa mgonjwa, na bado aliambukiza nyumba alizopikia. Mtu wa namna hiyo hutambuliwa kwa kupimwa kinyesi, tena zaidi ya mara moja. Nitaongeza neno moja: kiazi hakina hatia, ila chatini ya ukwaju haipiti motoni, na mara nyingi huzimuliwa kwa maji mabichi inapoanza kuisha.

Muuza Viazi wa Mwembe Tayari: Bi Muuguzi, nakuheshimu, lakini ukwaju ni mkali, na mkali huua. Mama yangu aliuuza miaka 30 bila kulaza mtu kitandani.

Mkaazi wa Kibokoni: Ukwaju wa mama ulikuwa mzito, wa kulambwa kidoleni. Wa siku hizi ni maji yenye rangi. Ukiinamisha sahani humwagika wote.

Mwalimu wa Likoni: Mnabishana juu ya ukwaju ilhali mjadala wenyewe umo katika maji yake. Muuzaji huyanunua kwa mkokoteni, mtungi wa lita 20, na hana njia ya kujua kama mwenye mkokoteni ameyateka mferejini au kisimani. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe wenye vitundu, na visima vyetu vimechimbwa hatua chache kutoka vyoo vya shimo. Bomba linalotuletea maji kutoka chemchemi za Mzima ni la miaka ya 1950, maji ya visima vya Baricho nayo hayatoshi, na mfereji wa kwangu hukaa siku nyingi bila kutoa hata tone. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti leseni na usimamizi wa wauza chakula. Basi atakayekusanya ada ya leseni na aulizwe pia kuhusu maji.

Baba wa Watatu: Mimi hata huo ugonjwa wenyewe nimeanza kuutilia shaka. Kliniki moja ya mtaani iliniambia nina homa ya matumbo mara tatu katika mwaka mmoja, kila mara kwa tone la damu na jibu la nusu saa, na kila mara nikarudi nyumbani na mfuko wa dawa. Halafu mnaniletea sindano. Hatujasahau yale ya pepopunda ya mwaka 2013.

Mkaazi wa Kibokoni: Ni 2014, shekhe, na madai ya maaskofu Wakatoliki kwamba chanjo ile ilitiwa kitu cha kuzuia uzazi yalikanushwa na Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani pia. Ukitaka kutisha watu, angalau uwe na mwaka sahihi.

Baba wa Watatu: Sikutisha mtu. Nimeeleza yaliyonipata, na wewe umeshika mwaka ukaacha mfuko wangu wa dawa.

Muuguzi Mstaafu: Baba, malalamiko yako ni ya haki. Kipimo hicho, Widal, hutafuta kinga iliyomo katika damu, ambayo huweza kubaki tangu ugonjwa wa zamani au kuchokozwa na maradhi mengine; uhakika hupatikana kwa kuotesha maabarani vijidudu vilivyomo katika damu, kazi ya siku kadhaa, na kliniki nyingi hazina nyenzo hizo. Ila kipimo kibovu hakiufanyi ugonjwa kuwa wa uongo. Nami bado nangoja jibu: mpishi aliyechanjwa huku amebeba vijidudu nyongoni tumemfanyia nini?

Mkaazi wa Kibokoni: Apimwe na achanjwe, yote mawili. Na chatini ichemshwe.

Muuza Viazi wa Mwembe Tayari: Sindano nitachomwa, sina ugomvi nayo. Chatini nayo nitaichemshia maji kuanzia kesho, lakini kiazi nauza kwa bei ileile mliyonizoesha, na makaa ya sufuria ya pili sijasikia hapa aliyejitolea kuyalipia.